Bata Anaumwa

Saa kumi na moja kasoro dakika nane alfajiri,
Stoke, mtaa wa nyumba zilizoegemeana mabega,
nimekaa chooni juu ya kifuniko, simu mkononi,
nafanya mazoezi ya kukohoa.

Si kikohozi cha kifua, hicho nilikitumia Desemba.
Leo nataka cha kooni, chenye mikwaruzo,
kama kiti kinachoburutwa sakafuni na mtoto.
Jirani amegonga ukuta mara mbili.
Huyo ameamini.

Hesabu kwanza, nisije nikajichanganya.
Tumbo, mara tatu.
Bomba kupasuka, mara moja
(na likapasuka kweli wiki iliyofuata,
nikaenda kazini soksi zinachuruzika,
kwa haya ya kulirudia).
Jino. Jino lile lile, upande wa pili.
Na shangazi Mwanakheri wa Muheza
nilimzika Oktoba kwa siku mbili,
nikapewa kadi ya maua, zamu nzima imetia sahihi.
Jumapili marehemu kanipigia:
hela ya saruji iko wapi?
Kadi bado ninayo. Sijui pa kuiweka.

Njia ya mwongo fupi, husema.
Yangu imefika mpaka Hanley
na basi la kwanza halijapita.

Kwetu kujifanya mgonjwa ni kazi kuliko kazi.
Sema kichwa kinauma, uone:
tangu lini, upande gani, jana ulikula kwa nani,
kiganja kiko pajini pa uso wako,
uji umeshafika, na mwenye uji hatoki
mpaka aone chini ya bakuli.
Hadi magharibi ama umepona ama umeungama.

Hapa: kama unaumwa, bonyeza mbili.
Nikabonyeza.

"Doreen, ni mimi. Sijisikii vizuri."
Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali,
nina joto la mwili tayari, na namba yake.
Nikasikia vidole vyake vinapiga chapa,
na miayo aliyoimeza nusu.
"Haya, bata. Jifunike. Kunywa kitu cha moto."

Bata, ndivyo watu wa huku wanavyoitana,
dereva, polisi, muuza mkate, wote.
Wiki yangu ya kwanza nilichungulia vioo vya maduka
nione ninavyotembea.

Akakata. Kikohozi changu kimebaki mdomoni,
hakijatumika.

Angeniuliza, labda ningemwambia.
Kwamba sina kidonda wala homa.
Kwamba nguo zilizorudishwa na wateja,
mia tisa kwa zamu, nazikunja upya
zikiwa na manukato ya watu nisiowajua,
na mashine inahesabu hata nikienda haja.
Kwamba tangu Novemba natoka gizani narudi gizani,
siku ya mapumziko naamka jua limeshazama,
na pazia la chumba changu, nililonunua kwa pauni sita,
sijawahi kuliona mchana.
Muuzaji alisema ni la kijani.
Huo ni ugonjwa gani, Doreen? Unaandikwaje?

Nikarudi kitandani na koti langu, nikalitazama.
Saa moja, jeusi.
Saa moja u nusu, jeusi, lina ukingo.
Saa mbili na dakika chache mwanga ukaja
bila haraka, kama karani wa serikali,
ukapita kwenye kitambaa uzi kwa uzi.

Si la kijani.
Ni buluu, tena buluu ya sare za shule,
na lina madoa madogo ya ndege
ambao nimelala nao miezi mitatu bila kujuana.

Nilikuwa nawahesabu, nimefika kumi na saba,
mlango ukagongwa. Mara mbili.
Mzee Sherratt wa ukuta wa pili,
kavaa ndara, mkononi limau moja
na chupa ya asali iliyogandia pembeni.
"Nimekusikia usiku, bata," kasema.
"Kifua hicho si cha kuchezea."
Akasimama. Hatoki.
Macho yake yanatafuta birika langu lilipo.

Sasa ungefanya nini?
Nikakohoa.